Uvimbe wa ovari au mukosili ya kidole tumbo? Jibu kwa msomaji wa Tanga

Swali: «Shikamoo daktari. Mama yangu ana umri wa miaka 58 na tunaishi Tanga. Kwa miezi sita sasa anasikia uzito upande wa kulia chini ya tumbo, lakini hana homa na anakula vizuri. Altrasaundi ya kwanza ilisema ana uvimbe wa maji kwenye ovari ya kulia, na daktari mmoja akashauri maji hayo yavutwe kwa sindano. Tulipopata fedha tulimpeleka kwenye kipimo cha CT, na majibu yakaandikwa: mukosili ya kidole tumbo, kipenyo sm 3.2, urefu sm 9, chokaa kwenye ukuta. Sasa tunaambiwa apasuliwe. Tuamini picha ipi? Je, picha inaweza kutuambia kama ni saratani? Na kwa nini apasuliwe mtu ambaye haumwi sana?»

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa kumuuguza mama. Nianze na jambo lisiloweza kusubiri maelezo: uvimbe huo usichomwe sindano, iwe ya kuvuta maji au ya kuchukua kinyama, na yeyote atakayelipendekeza tena jambo hilo aonyeshwe kwanza majibu ya CT. Sababu yake nitaifafanua kwa kirefu hapa chini, kwa kuwa ndiyo kiini cha maswali yako yote matatu. Picha zenyewe sijaziona, nimesoma maneno uliyoyanukuu tu. Lakini kipenyo hicho, umbo hilo refu na hiyo chokaa ya ukutani, yaani kalsiamu iliyoganda ukutani, vinaeleza mukosili, yaani kidole tumbo kilichotanuka kwa kujaa ute, hali ambayo sisi tunaosoma picha za tumbo tunaitambua, ingawa hatukutani nayo mara nyingi.

Kidole tumbo ni mrija mwembamba wenye ncha iliyoziba, unaoning'inia kutoka sikamu, yaani ule mfuko ambao utumbo mpana huanzia, sentimita 2 au 3 chini ya mlango unaopitisha chakula kutoka utumbo mwembamba. Kwa watu wengi una urefu wa sm 8 hadi 10, na kwenye altrasaundi unene wake wa kawaida hauzidi mm 6. Shina lake halihami, lakini ncha yake yaweza kuelekea popote: nyuma ya sikamu, juu kuelekea ini, au chini ndani ya nyonga, ambako kwa mwanamke hulala bega kwa bega na ovari ya kulia. Naomba uukumbuke ujirani huo, maana ndio uliozaa majibu mawili yaliyowachanganya.

Ugonjwa wa kidole tumbo unaofahamika na kila mtu ni ule wa ghafla, wenye maumivu yanayoanzia kitovuni na kuhamia kulia, homa na kichefuchefu. Reginald Fitz wa Boston aliueleza na kuupa jina mwaka 1886, na miaka 100 baadaye, mwaka 1986, daktari Mholanzi Julien Puylaert akaonyesha jinsi altrasaundi inavyoweza kuutambua: mpimaji hulikandamiza tumbo polepole kwa kifaa, utumbo wenye afya hubonyea, na kidole tumbo kilichovimba hukataa kubonyea na kumuuma mgonjwa papo hapo. Mbinu hiyo imewaokoa wengi na inafundishwa hadi leo. Hata hivyo imetujengea mazoea, kwani tunapolitazama tumbo la kulia tunatafuta kitu chenye unene wa mm 8 au 10, chenye maumivu, kilichozungukwa na mafuta yaliyovimba. Kitu chenye unene wa mm 32, kisicho na maumivu makali na kilichojaa ute, hakifanani na picha tuliyoibeba kichwani, na mpimaji mwenye foleni ndefu nje ya mlango hukipa jina la kitu anachokiona kila siku. Kwa mwanamke, kitu hicho ni uvimbe wa maji wa ovari.

Sasa tuje kwenye mukosili yenyewe. Mtaalamu wa patholojia Karl von Rokitansky aliieleza huko Vienna mwaka 1842. Neno hilo halitaji ugonjwa mmoja. Linataja sura tu, yaani kidole tumbo kilichotanuka kwa sababu ya kujaa ute. Ukuta wa ndani wa kidole tumbo hutoa ute kila siku na kuumwagia kwenye sikamu. Njia ya kutokea ikizibwa, kwa mfano na kijiwe cha kinyesi au na kovu la uvimbe wa zamani, ute hujikusanya na mrija hutanuka. Hiyo ndiyo aina nyepesi, na kwa kawaida haitanuki sana. Aina nyingine hutokea pale ambapo chembe za ukuta wenyewe zimebadilika na kuanza kutoa ute kupita kiasi. Hapo tunazungumzia uvimbe wa kweli, ambao mara nyingi ni wa daraja la chini na hukua taratibu kwa miaka, na mara chache ni saratani kamili. Majina ya aina hizi yalikuwa yakitumiwa kwa namna tofauti kila mahali, hadi kundi la wataalamu wa kimataifa lilipochapisha makubaliano mwaka 2016. Ninayataja makubaliano hayo kwa sababu, baada ya upasuaji, ripoti ya patholojia ya mama yafaa itumie majina yake, ili daktari yeyote atakayeisoma baadaye aelewe kilichomaanishwa.

Uliuliza muamini picha ipi. Ninaiamini CT, na si kwa sababu ni ghali zaidi. Altrasaundi ikifanywa kwa utulivu ingeweza kufikia jibu lile lile. Uvimbe wa maji wa ovari kwa kawaida ni wa mviringo na ndani yake ni mweusi sawasawa. Mukosili ni ndefu kama soseji au peasi, na mara nyingi ute ulioganda ndani yake hujipanga tabaka juu ya tabaka, ukaonekana kwenye skrini kama kitunguu kilichokatwa kati. Mwenye jicho la kazi akiziona tabaka hizo huacha kufikiria ovari. Kuna jambo la pili, ambalo mimi hulisisitiza kwa kila kijana anayejifunza kazi hii: kabla ya kuandika kwamba uvimbe ni wa ovari, itafute ovari yenyewe uione imeshikamana na uvimbe huo. Ovari ikionekana kando, salama na imejitenga, basi uvimbe una mwenyewe mwingine. Nakiri kwamba kwa mwanamke aliyekoma hedhi ovari husinyaa na kuitafuta kunahitaji subira, pengine na kipimo cha njia ya uke, lakini ugumu huo hautoi ruhusa ya kukisia. Tena, uvimbe mpya wa sm 9 kwa mwanamke wa miaka 58, hata ungekuwa kweli wa ovari, usingekuwa jambo la kuvutwa maji kwa sindano na kusahauliwa.

CT ina faida ya kulionyesha tumbo zima kwa vipande vyembamba, ambavyo msomaji anaweza kuvipandisha na kuvishusha na kuvigeuza pembe. Anachofanya ni kuanzia kwenye utumbo mpana, kushuka hadi sikamu, kuutambua mlango wa utumbo mwembamba, kisha kutafuta shina la kidole tumbo chini yake kidogo na kulifuata. Uvimbe ukiwa umeunganika na shina hilo, jibu limepatikana. Kwa upande wa pili huufuata mshipa wa damu wa ovari kutoka juu hadi chini aone unakoishia. Usipoishia kwenye uvimbe, ovari imeachiliwa huru. Msomaji hupima pia uzito wa kilichomo ndani kwa kipimo cha Hounsfield, ambacho maji ni 0, hewa ni -1000 na mafuta ni karibu -100. Ute mwepesi husoma karibu na maji, na kadiri unavyoganda ndivyo namba yake inavyopanda, hivyo ukichukua namba peke yake unaweza kudanganyika.

Alama mbili katika ripoti ya mama zina uzito wa pekee. Ya kwanza ni kipenyo. Kidole tumbo kilichovimba kwa ugonjwa wa kawaida mara chache hupita mm 15, ndiyo maana kipimo hicho hutumika kama mpaka wa kuanza kushuku mukosili. Cha mama ni zaidi ya mara mbili yake. Ya pili ni chokaa iliyojichora ukutani kama uzi uliopinda. Alama hii haipatikani hata kwa nusu ya wagonjwa, lakini ikipatikana inaelekeza sana kwenye mukosili, na husema kwamba kitu hiki kimekaa humo muda mrefu. Chokaa ya ukutani isichanganywe na kijiwe cha kinyesi, ambacho hukaa ndani ya mrija kama punje na huambatana na ugonjwa wa ghafla.

Je, picha inaweza kusema kama ni saratani? Naomba nikujibu kwa uangalifu. Picha inaweza kuongeza au kupunguza shaka, lakini haiwezi kutoa hati ya usalama. Ukuta mwembamba ulio laini pande zote hutupa matumaini. Ukuta mnene usio sawa, vinundu vinavyoingia ndani na kung'aa baada ya dawa ya kontrasti kupita mshipani, au tezi zilizokua kando ya mishipa ya utumbo, hutuongezea wasiwasi. Hata hivyo, uvimbe wa daraja la chini na mrija uliozibwa tu wanaweza kufanana kabisa kwenye picha. Anayewatenganisha ni mpatholojia mwenye darubini, akiwa na kidole tumbo kizima mezani. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema «CT imeonyesha si saratani, turudi nyumbani», jua amevuka mpaka wa kipimo chenyewe.

Swali ambalo mimi ningelitanguliza mbele ya lile la saratani ni hili: je, kuna ute wowote nje ya kidole tumbo? Hapa ndipo sindano inaporejea. Ute wenye chembe za uvimbe ukivuja, chembe hizo hutua kwenye peritoneamu, yaani ule utando unaolivika tumbo kwa ndani, na kuendelea kutoa ute huko huko. Mwaka baada ya mwaka tumbo hujaa kitu kama jeli, na nguo za mgonjwa huanza kumbana kiunoni ingawa mwili wake unakonda. Hali hiyo huitwa sudomiksoma ya peritoneamu. Kwenye CT tunaiona kama majimaji mazito yasiyotembea kwa uhuru, yaliyozigandamiza kingo za ini na bandama hadi zikapata mabonde madogo madogo. Maji ya kawaida ya tumbo hayafanyi hivyo, huyazunguka maungo hayo bila kuyabonyeza. Matibabu yake ni upasuaji wa saa nyingi wa kuondoa kila kilichopandikizwa, pengine na dawa ya saratani iliyopashwa moto kumwagwa ndani ya tumbo, na hospitali zinazofanya kazi hiyo ni chache sana hata duniani. Sasa fikiria sindano moja inayotoboa ukuta uliokuwa umeuzuia ute huo kwa miaka. Ndiyo maana nimeanza na onyo lile, na nashukuru kwamba fedha za CT zilipatikana kabla ya sindano.

Hiyo ndiyo sababu pia ya kumpasua mtu asiyeumwa sana. Uvimbe unaweza kupasuka wenyewe, unaweza kujisokota au kuingia ndani ya utumbo mpana na kuuziba, na hakuna awezaye kusema kwa hakika chembe zake ni za aina gani hadi utolewe. Wakati huu, ukiwa mzima, ndio wakati ambao upasuaji ni mdogo kuliko utakavyowahi kuwa. Shina likiwa safi, mara nyingi inatosha kuondoa kidole tumbo pamoja na utando wake. Uvimbe ukiwa umelifikia shina, huondolewa na sehemu ya sikamu. Na saratani kamili ikithibitishwa, upande wa kulia wa utumbo mpana huweza kuhitajika kuondolewa. Iwe kwa kufungua tumbo au kwa matundu madogo ya kamera, sharti ni moja: kitolewe bila kupasuka, na kikitolewa kwa tundu dogo kiingizwe kwanza kwenye mfuko maalumu. Mpasuaji aliyedhani anaondoa ovari, au anayedhani ni kidole tumbo cha kawaida, hukishika kwa namna nyingine. Hapo ndipo utaona kwamba ripoti ya picha si karatasi ya kuambatanisha tu; hubadilisha mkono wa mpasuaji unavyofanya kazi.

Kipimo cha MRI sioni kama mama anakihitaji sasa, ila kama CT ilifanywa bila kontrasti na kuna shaka juu ya ukuta au juu ya ute uliovuja. MRI huonyesha ute kwa weupe mkali na huona vipandikizi vidogo vya kwenye utando vizuri zaidi. Kwa mjamzito ndicho kingefuata baada ya altrasaundi, kwa kuwa hakitumii mionzi.

Kwa kuwa uliandika mwishoni mwa barua yako kwamba ndugu wengine wanadai huenda ni «bilharzia imeingia kidole tumbo», yaani kichocho, niliguse na hilo. Si dai la kudharauliwa katika ukanda wetu. Mayai ya kichocho hukutwa kwenye kidole tumbo, na kwa mtu aliyekulia penye kichocho cha mkojo, kama Pemba na sehemu nyingi za pwani, CT inaweza kuonyesha chokaa kwenye ukuta wa kibofu pia. Lakini kichocho hunenepesha ukuta. Hakikijazi kidole tumbo ute hadi kikawa na upana wa sm 3. Kifua kikuu cha utumbo, ambacho hupenda mahali hapo hapo sikamu inapokutana na utumbo mwembamba, huikunja sikamu na kuacha tezi zenye kiini cheusi. Limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, ikiwemo ile ambayo Denis Burkitt aliieleza akiwa Kampala mwaka 1958, huweza kukinenepesha kidole tumbo huku kikibaki na umbo lake la mnyoo, lakini huko ni nyama imara tupu, na mara nyingi mgonjwa ni mtoto. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinacholingana na ripoti ya mama.

Uvimbe mmoja mwingine sitaupita, kwa kuwa unafundisha udhaifu wa kazi yetu: karsinoidi. Mara nyingi hukaa nchani mwa kidole tumbo na mara nyingi hauzidi sm 1, hivyo altrasaundi haiuoni, CT haiuoni, na mpasuaji haugusi. Huonekana tu mpatholojia anapokikata kidole tumbo kilichotolewa kwa sababu nyingine. Kwa sababu hiyo mimi huumia ninaposikia kidole tumbo kimeonyeshwa ndugu kwenye bakuli kisha kikatupwa. Cha mama kisitupwe kwa hali yoyote. Ulizeni mapema, kabla ya siku ya upasuaji, kitapelekwa maabara gani na nani atalipia, kisha hakikisheni kimekwenda kizima ndani ya fomalini, ili shina lake lichunguzwe kama limebaki na chembe za uvimbe.

Kabla ya siku hiyo, mwombeni daktari wa upasuaji akae na daktari wa radiolojia wazitazame picha pamoja, wala si ripoti peke yake, na wajibu mambo matatu: shina la kidole tumbo limeguswa au ni safi, kuna kinundu chochote ukutani, na kuna ute wowote kando ya ini, kando ya bandama au ndani kabisa ya nyonga. Kama CT haikupanda hadi juu ya ini, jambo hilo lisemwe wazi na sehemu iliyobaki ipigwe. Na kama itahitajika kontrasti, kreatinini ya mama ipimwe kwanza ili tujue hali ya figo zake. Afanyiwe pia kolonoskopi, yaani kipimo cha kamera ya utumbo mpana, kwa sababu watu wenye uvimbe wa ute wa kidole tumbo hukutwa na vivimbe vya utumbo mpana mara nyingi kuliko wengine. Anayekifanya akifika kwenye sikamu anaweza kuuona mlango wa kidole tumbo umeinuka kama mdomo wa volkano. Kipimo cha damu cha CEA, yaani protini ambayo baadhi ya saratani huiongeza kwenye damu, kinaweza kuongezwa, ila kikiwa cha kawaida kisiwarudishe nyuma, kwa kuwa wengi wenye uvimbe huu huwa nacho cha kawaida.

Endapo kabla ya hapo mama atapata maumivu makali ya ghafla, homa, kutapika kusikokoma au tumbo kujaa na kuwa gumu, msisubiri tarehe iliyopangwa. Mpelekeni siku hiyo hiyo, na ripoti ya CT iwe mkononi, si nyumbani kabatini.

Mwisho, ombeni picha zote kwenye CD na mziweke. Hospitali hufuta picha za zamani zinapoishiwa nafasi, na mpatholojia akisema uvimbe ulikuwa wa daraja la chini, mama atahitaji CT za kufuatilia kwa miaka kadhaa. Daktari atakayeona kivuli kidogo kando ya ini miaka miwili ijayo atauliza swali moja tu, kama kivuli hicho kilikuwepo kabla ya upasuaji, na CD hiyo ndiyo itakayomjibu.